Umesasisha Linux, programu zimetoweka kwenye menyu: anzia hapa kabla ya kusakinisha upya

Mwalimu mkuu alinipigia saa mbili asubuhi, na kabla sijamaliza shikamoo akanikata: "Kijana, umeniondolea Writer."

Jumamosi yote nilikuwa kwenye chumba cha kompyuta cha shule yake, nikipandisha laptopu 12 kutoka Linux Mint 20.3 kwenda Mint 21. Kumi na moja ziliamka salama. Ya kwake, ambayo ndiyo yenye barua zote za wazazi, ilikuwa na Calc, ina Impress, ina hata Draw ambayo hajawahi kuifungua. Writer, programu ya kuandikia barua iliyo ndani ya mkusanyiko wa LibreOffice, haipo. Alikuwa tayari ameshamwambia mhasibu anunue bando ili LibreOffice ipakuliwe upya.

Nikamwomba asubiri. LibreOffice nzima ni mamia ya megabaiti, na kwa tatizo la namna hii mara nyingi unamaliza bando, unasakinisha upya, unafungua menyu, na programu bado haionekani. Kisa chake nitakimalizia mbele, maana ndicho kilichonifundisha mpangilio wa kutafuta ninaoutumia mpaka leo.

Kwanza tuelewane kuhusu menyu yenyewe. Ichukulie kama ubao wa vyakula kwenye hoteli ya mtaani. Chapati zikifutwa ubaoni, haina maana jikoni hakuna chapati. Kwenye Linux kila programu inayotaka kuonekana huweka faili dogo la maandishi lenye jina linaloishia na .desktop. Ndani yake mna jina la programu, aikoni, amri ya kuifungua na kundi inalokaa. Eneokazi lako, liwe Cinnamon, GNOME, KDE Plasma au XFCE, linapita kwenye folda kadhaa linayasoma mafaili hayo, linayachuja kwa masharti yake, kisha linakuandikia ubao. Kanuni hizi zilitokana na freedesktop.org, mradi ulioanzishwa na Havoc Pennington mwaka 2000 ukiitwa X Desktop Group. Ndiyo maana utakutana na herufi XDG kila kona ya makala hii.

Kwa hiyo mnyororo ni huu: programu yenyewe, faili lake la .desktop, folda ambazo eneokazi linazijua, masharti yaliyomo ndani ya faili, faili linalopanga makundi ya menyu, akiba iliyohifadhiwa ili menyu ifunguke haraka, na mwisho kabisa kile unachokiona kwenye kioo. Sasisho linaweza kukata pete yoyote kati ya hizo. Kazi yako ni kujua iliyokatika ni ipi kabla hujagusa kitu.

Maswali mawili ya kuanzia

Fungua dirisha la amri uite programu kwa jina lake. Tuchukue GIMP, programu ya kuhariri picha:

    command -v gimp

Ikijibu njia kama /usr/bin/gimp, programu ipo jikoni na tatizo ni la ubao. Ikikaa kimya, huenda imeondoka kweli, au iliwekwa kwa njia ya Flatpak ambayo jina lake la amri ni tofauti. (Flatpak na Snap ni njia za kusakinisha programu nje ya vifurushi vya kawaida vya mfumo.) Jaribu `flatpak list` na `snap list` kabla ya kuhukumu.

Swali la pili: je, mtumiaji mwingine kwenye mashine hiyo hiyo anaiona? Tengeneza akaunti ya majaribio:

    sudo adduser jaribio

Toka, ingia kama jaribio, fungua menyu. Watu wengi huruka hatua hii kwa uvivu, na mimi nilikuwa mmoja wao, lakini inagawa tatizo katikati kama kisu. Programu ikionekana kwa jaribio, mfumo ni mzima na kosa limo kwenye folda yako ya nyumbani. Isipoonekana, kosa liko chini zaidi, na hutalipata hata ukifuta mipangilio yako yote. Na tafadhali usiifute. Nimewaona watu wakifuta folda yote ya .config kwa sababu ya aikoni moja, wakapoteza mipangilio ya barua pepe, ya VPN na ya kila kitu, na aikoni isirudi.

Programu imeondoka kweli

Sasisho kubwa la toleo huondoa vitu. Ubuntu inapopanda toleo huzima hazina za nje (repository, yaani ghala za programu mtandaoni) ulizoziongeza mwenyewe, na programu iliyotoka kwenye hazina hizo inaweza kuachwa nyuma au kuondolewa kwa kugongana na vifurushi vipya. (Vifurushi vya programu, si vile vya mtandao wa simu.) Ushahidi umeandikwa:

    grep -E "^(Start-Date|Remove)" /var/log/apt/history.log

Kama sasisho lilifanyika mwezi uliopita, kumbukumbu inaweza kuwa imeshabanwa, basi tumia `zgrep` kwenye mafaili ya history.log yanayoishia na .gz. Wenye Fedora wana `dnf history`, wenye Arch wasome /var/log/pacman.log. Ukiikuta programu yako kwenye mstari wa Remove, umepata jibu: washa tena hazina yake ikiwa inakubali toleo jipya, kisha isakinishe.

Kuna na programu ambazo hazikuondoka bali zimebadilishana kiti. Tangu Ubuntu 22.04, Firefox huja kama snap, na faili lake likahama kutoka firefox.desktop hadi firefox_firefox.desktop. Kwenye menyu kuu ipo, lakini alama uliyoibandika kwenye paneli ilikuwa inaelekeza kwenye jina la zamani. Thunderbird ikafuata njia hiyo hiyo kwenye Ubuntu 24.04. LibreOffice inayopakuliwa moja kwa moja kutoka kwa wenyewe nayo hubeba namba ya toleo kwenye jina la faili, kwa hiyo mwaka 2024, walipoacha namba za 7 na kuruka hadi 24.2, kila kilichobandikwa kwa jina la zamani kilibaki kikining'inia. Dawa hapa ni nyepesi mno: ibandue, ibandike upya.

Wanaoisakinisha LibreOffice hiyo kwa kuchagua mafaili ya .deb mojamoja ili kubana nafasi, mkumbuke kwamba vipengele vya menyu viko kwenye faili lake peke yake, lile lenye maneno debian-menus kwenye jina. Ukiliacha, programu zote zinafanya kazi na hakuna hata moja inayoonekana.

Umeme ulikatika katikati ya sasisho

Hili kwetu si la kubahatisha. Umeme ukikatika, au betri ya laptopu ikizima wakati mafaili yanafunguliwa, dpkg, chombo kinachosakinisha vifurushi kwenye Debian, Ubuntu na Mint, huacha kazi nusu. Kuna alama mbili ambazo ukizijua utazitambua mara moja. Ya kwanza ni mafaili yaliyobaki na mkia wa .dpkg-new, yaani yalifunguliwa lakini hayakuwahi kupewa jina lake halisi. Ya pili ni mafaili matupu kabisa, jina lipo, ndani ni sifuri:

    find /usr/share/applications -name "*.dpkg-new"
    find /usr/share/applications -type f -size 0

Faili tupu la .desktop ni baya kuliko faili lisilokuwepo, kwa sababu ukiorodhesha folda unaliona na unaamini kila kitu kiko sawa. Amri ya kwanza au ya pili ikitoa kitu, malizia kazi iliyoachwa:

    sudo dpkg --configure -a
    sudo apt -f install

Kisha sakinisha upya kile kifurushi chenye faili tupu, hicho tu, kwa `sudo apt install --reinstall` na jina lake. Kama hujui faili ni la kifurushi gani, `dpkg -S` ikifuatiwa na njia kamili ya faili itakutajia.

Wakati uko hapo, angalia na nafasi ya diski kwa `df -h`. Diski iliyojaa hadi asilimia 100 hutoa dalili zinazofanana na hizi, kwa sababu eneokazi haliwezi kuandika akiba mpya ya menyu. Sasisho la toleo hupakua mzigo mkubwa na kuuacha kwenye /var/cache/apt; `sudo apt clean` huurudisha.

Zilizopotea ni za Flatpak au Snap tu

Dalili ikiwa safi namna hii, usihangaike kwingine. Eneokazi hutafuta mafaili ya .desktop kwenye folda zilizotajwa na kigezo (variable) kiitwacho XDG_DATA_DIRS. Kigezo hicho kisipotajwa kabisa, folda ni mbili: /usr/local/share na /usr/share. Za Flatpak hukaa /var/lib/flatpak/exports/share, au ndani ya folda yako ya nyumbani kwenye .local/share/flatpak/exports/share kama ulisakinisha kwa ajili yako peke yako. Za Snap hukaa /var/lib/snapd/desktop. Folda hizi zisipotajwa kwenye kigezo, eneokazi halina habari nazo.

    echo $XDG_DATA_DIRS | tr ':' '\n'

Kuna mtego hapa. Amri hiyo inakuonyesha kile dirisha la amri linachokijua, ambacho si lazima kiwe kile eneokazi linachokijua. Linganisha na hii:

    systemctl --user show-environment | grep XDG_DATA_DIRS

Zikitofautiana, umeshakaribia. Sababu za kawaida nilizokutana nazo ni tatu. Flatpak imesakinishwa sasa hivi na hujatoka kwenye akaunti: kigezo husomwa unapoingia, kwa hiyo toka uingie tena, au washa mashine upya kama hupendi kubishana. Pili, umebadilisha ganda lako (shell, programu inayopokea amri zako) kutoka bash kuwa zsh. Kwenye Debian na Ubuntu zsh haisomi /etc/profile kama bash inavyosoma, na humo ndimo njia za ziada hupachikwa, hivyo unapoteza programu za snap zote kwa mpigo na huoni uhusiano wowote kati ya ganda na menyu. Mimi mara ya kwanza ilinichukua nusu siku.

Sababu ya tatu ni ya kujitakia. Mtu alifuata maelekezo fulani akaandika kwenye .profile:

    export XDG_DATA_DIRS=/opt/kitu/share

Hapo hakuongeza folda, amefuta nyingine zote. Menyu yake ilikuwa hai kwa sababu toleo la zamani la eneokazi lilikuwa linazirudisha zile za msingi lenyewe. Sasisho likaacha kufanya hivyo na menyu ikabaki tupu. Namna sahihi ni kuongeza mbele ya zilizopo:

    export XDG_DATA_DIRS="/opt/kitu/share:${XDG_DATA_DIRS:-/usr/local/share:/usr/share}"

Moja tu imepotea, tena kwako peke yako

Sasa turudi kwa mwalimu mkuu.

Kwenye akaunti ya majaribio Writer ilikuwepo. Kwake haipo. Kwa hiyo folda ya nyumbani. Ninalolitafuta hapo kabla ya yote ni nakala binafsi za mafaili ya .desktop:

    ls -l ~/.local/share/applications

Faili lililomo humu lenye jina sawa na lile la /usr/share/applications hulifunika moja kwa moja. Haliongezewi, halichanganywi nalo. La mfumo linakuwa kama halipo. Ndivyo ilivyokusudiwa, ili mtumiaji aweze kubadilisha jina au aikoni bila kugusa mfumo. Ubaya ni kwamba sasisho hubadilisha la mfumo, na hili la nyumbani linabaki vilevile miaka nenda miaka rudi.

Kwenye folda ya mwalimu palikuwa na faili moja lililonishtua, libreoffice-writer.desktop, la tarehe ya mwaka uliotangulia. Nikalisoma:

    grep -E '^(Name|Exec|TryExec|NoDisplay|Hidden|OnlyShowIn|NotShowIn|Categories)=' \
      ~/.local/share/applications/libreoffice-writer.desktop

Mstari mmoja ukasema yote: NoDisplay=true.

Nikakumbuka. Mwaka 2021 mashine yake ilikuwa na LibreOffice 6.4 iliyokuja na Mint 20, nami nikamwekea 7.2 kwa mkono kwenye /opt kwa sababu nyaraka za wizara zilikuwa zinavurugika. Siku ya pili akalalamika kwamba anaona Writer mbili na hajui abonyeze ipi. Nikafungua kihariri cha menyu, nikaondoa tiki kwenye ile ya zamani, nikaenda zangu. Mwaka mmoja baadaye Mint 21 ikaja na LibreOffice 7.3, nikaona ile 7.2 ya /opt haina kazi tena, nikaiondoa. Ikabaki ile ya mfumo peke yake, ambayo mimi mwenyewe kwa mkono wangu niliificha. Sasisho halikukosea chochote. Mchawi nilikuwa mimi.

Tiba ilikuwa amri moja, na ndiyo ninayoipendekeza: hamisha, usifute.

    mkdir -p ~/menyu-zamani
    mv ~/.local/share/applications/libreoffice-writer.desktop ~/menyu-zamani/

Writer ikarudi kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi. Mhasibu akabaki na bando lake.

Sasa tuitazame ile mistari mmojammoja, kwa kuwa karibu kila kupotea kwa kipengele kimoja kunaangukia humo. NoDisplay=true maana yake programu ipo na inaweza kufungua mafaili, ila isionyeshwe kwenye menyu. Hidden=true ni kali zaidi: ichukuliwe kama imefutwa. OnlyShowIn na NotShowIn hutaja maeneokazi yanayoruhusiwa au kukatazwa; ukihama kutoka XFCE kwenda GNOME, programu yenye OnlyShowIn=XFCE; itatoweka na si kosa la mtu. Jina linalolinganishwa unaliona kwa `echo $XDG_CURRENT_DESKTOP`, na kwa Cinnamon jibu ni X-Cinnamon, si Cinnamon. Herufi moja hiyo na kistari vimepoteza muda wa watu wengi.

TryExec ndiyo ya kimyakimya kuliko zote. Hutaja faili la programu ambalo lazima liwepo na liwe na ruhusa ya kuendeshwa. Lisipopatikana, kipengele hakionyeshwi, wala huambiwi kitu. Maeneokazi yanayotumia maktaba ya GLib, kama GNOME na Cinnamon, yanafanya hivyo hivyo hata kwa Exec, mstari wa amri inayofungua programu: amri ya kwanza isipopatikana, kipengele kinafichwa. Kwa hiyo nakala yako binafsi yenye Exec=/opt/libreoffice7.2/program/soffice inakufa siku folda hiyo inapobadilisha namba. Kwenye KDE kipengele kinaweza kubaki na kukupa ujumbe wa makosa ukikibonyeza, jambo ambalo naona ni la kiungwana zaidi.

Categories hazipotezi programu, zinaihamisha tu. Programu isiyo na kundi linalojulikana hutupwa kwenye kapu la mwisho, ambalo KDE huliita Lost & Found. Chungulia humo kabla ya kulia.

Na kama umelihariri faili kwa mkono, lipitishe kwa mkaguzi:

    desktop-file-validate ~/.local/share/applications/programu-yako.desktop

Akikaa kimya, faili halina kosa la kisarufi.

Umeficha kwa kihariri cha menyu

Mbali na nakala za .desktop, vihariri vya menyu huandika mafaili ya mpangilio kwenye ~/.config/menus. KDE huweka applications-kmenuedit.menu, Cinnamon huweka cinnamon-applications.menu. Wine, inayoendesha programu za Windows kwenye Linux, nayo hujaza vijifaili vyake kwenye applications-merged ndani ya folda hiyo hiyo, kila programu ya Windows na vyake. Makundi mazima yakipotea, mathalani Ofisi yote haipo, au makundi yamejirudia mara mbili, hamisha faili husika kama tulivyofanya juu, toka, ingia. Utapoteza mpangilio wako wa menyu, lakini ukubwa wa hasara ni dakika tano za kupanga upya.

KDE: menyu tupu au ya kizamani

KDE Plasma haisomi mafaili yote kila unapofungua menyu. Hujenga akiba moja kwenye ~/.cache, yenye jina linaloanza na ksycoca, na hufanya kazi kutoka humo. Sasisho likibadilisha mafaili na akiba isijengwe upya, unaona menyu ya jana. Plasma 6 ilipotoka tarehe 28 Februari 2024, amri ya kuijenga nayo ikabadilika jina kutoka kbuildsycoca5, na wengi waliendelea kuendesha ile ya zamani kutoka kwenye madaftari yao, ikijenga akiba isiyosomwa na mtu. Ya sasa ni:

    kbuildsycoca6 --noincremental

Iendeshe kama mtumiaji wa kawaida. Usiweke sudo. Ukiweka, unajenga akiba ya root, au mbaya zaidi unaacha mafaili ya root kwenye folda yako, na kuanzia hapo Plasma haiwezi kuyaandika. Kama ulishafanya hivyo, `ls -l ~/.cache | grep ksycoca` itakuonyesha mwenye mali, na `sudo chown` itarudisha haki. Utaona pia kwamba jina la akiba hubeba lugha: ukibadilisha lugha ya mfumo kwenda Kiswahili, akiba nyingine inajengwa, na majina mengine yanabadilika kufuata tafsiri. Programu uliyozoea kuiandika kwa herufi za kwanza inaweza kuwa imehamia kwenye herufi nyingine. Haijapotea, imepewa jina la nyumbani.

Plasma 6 ilileta na kisa kingine kinachowagusa hasa wanaotumia Dolphin, kidhibiti cha mafaili cha KDE, nje ya Plasma, kwenye mazingira mepesi kama Hyprland, Sway au i3. Baada ya sasisho, ukibofya kulia na kutaka kuchagua programu ya kufungulia faili, orodha ni tupu. Kumbukumbu za makosa zinalalamika kwamba applications.menu haikupatikana. Zamani faili hilo lilikuja na maktaba za KDE zenyewe. Sasa linakuja na Plasma, kwa jina la plasma-applications.menu, na hupatikana tu pale kigezo XDG_MENU_PREFIX kinapokuwa na neno plasma- mbele. Ukiingia kupitia Plasma kinawekwa chenyewe. Ukiingia kupitia Sway hakuna wa kukiweka. Jaribu:

    XDG_MENU_PREFIX=plasma- kbuildsycoca6 --noincremental

Orodha ikijaa, kiandike kigezo hicho kwenye mipangilio ya kuanzia kikao chako, vinginevyo akiba itajengwa upya bila hicho na utarudi kule kule. Kwenye Arch bila Plasma, sakinisha archlinux-xdg-menu na kiambishi kiwe arch-.

GNOME: ipo kwenye utafutaji, haipo kwenye gridi

Ukiandika jina inatokea, lakini ukipekua kurasa haipo. Mara nyingi imo ndani ya folda ya gridi, au imesukumwa kwenye ukurasa wa mwisho. Tangu GNOME 3.38 mtumiaji anaweza kupanga gridi kwa kuburuta, na mpangilio huo huhifadhiwa. Sasisho likija na majina mapya, mpangilio wa zamani hauyajui. Uanze upya:

    gsettings reset org.gnome.shell app-picker-layout

Hii haifuti programu yoyote.

Maeneokazi mengine, kwa haraka

XFCE: `xfce4-panel -r`. Cinnamon: bonyeza Ctrl+Alt+Esc, linajiwasha upya bila kufunga madirisha yako. LXDE: ondoa folda ~/.cache/menus kisha `lxpanelctl restart`. Watu hupenda kuendesha `update-desktop-database` kwa sababu jina lake linavutia, ila kazi yake ni kujua programu ipi inafungua aina ipi ya faili. Menyu yako haitaihisi.

Wenye Windows msicheke. Tarehe 13 Januari 2023, Ijumaa, sasisho la Microsoft Defender kwenye mashine za maofisini lilikuja na kasoro kwenye kanuni moja ya ulinzi, ikazihesabu njia za mkato kuwa hatari na kuzifuta kutoka kwenye menyu ya Anza na upau wa kazi. Office ilikuwepo kwenye diski muda wote. Ubao ndio uliofutwa.

Umefika chini kabisa na bado

Kwa jaribio haionekani, command -v inaiona, XDG_DATA_DIRS ni sahihi, akiba ni mpya. Uliza kifurushi chenyewe kilitakiwa kuleta nini:

    dpkg -L gimp | grep desktop

Ikitaja /usr/share/applications/gimp.desktop na faili halipo kwenye diski, hapo ndipo penye haki ya kununua bando na kusakinisha upya. Isipotaja faili lolote, kifurushi hakina, na utasakinisha mara kumi bila faida. Jiandikie la kwako kwenye ~/.local/share/applications wakati unasubiri watengenezaji warekebishe:

    [Desktop Entry]
    # Nimeandika mwenyewe, kifurushi hakikuja na hili. Futa sasisho lijalo.
    Type=Application
    Name=GIMP
    Exec=gimp %U
    Icon=gimp
    Categories=Graphics;

Ule mstari unaoanza na alama ya reli hausomwi na eneokazi. Unasomwa na atakayefuata, ambaye kwa mashine zangu nyingi ni mimi. Kwenye laptopu ya mwalimu mkuu sasa iko mistari minne ya namna hiyo, yote ina tarehe.